Sifuri Iliyofichwa Ndani ya Kitenzi: Uhakiki wa Swali la Mwendo

Matini tunayoihakiki leo ni fupi kuliko beti mbili za tarbia:

Gari limesimama. Linaanza kwenda kwa mchapuko sare wa 2 m/s². Baada ya sekunde 5, (a) litakuwa na kasi gani? (b) Litakuwa limekwenda umbali gani?

Nimeitunga mwenyewe, na bado si yangu. Yeyote aliyekuwapo darasani siku mwalimu wa fizikia alipoandika ubaoni "mwendo katika mstari mnyoofu" ataitambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha jirani yake. Leo ni gari, kesho ni treni, keshokutwa ni jiwe linaloanguka kutoka juu ya mnara. Namba hubadilishwa kila mtihani, umbo halibadiliki. Katika fasihi kitu cha namna hii tunakiita utanzu. Kina mwanzo wake maalumu, kina wahusika wake, kina mambo ambayo hakiyasemi kamwe, na kina kituo kisichohamishika. Maelfu ya vijana hukisoma kila mwaka, na hakuna anayekihakiki. Tunakifundisha kama hesabu, tunakisahihisha kama hesabu, na mwanafunzi akikosa tunasema hesabu zimemlemea. Nadai hapa kwamba mara nyingi kilichomlemea ni kusoma.

Muundo

Swali lina hatua tatu. Kwanza hali: gari limesimama. Kisha tendo: linaanza kwenda. Mwisho amri iliyovalishwa kanzu ya swali: tupe kasi, tupe umbali.

Hatua ya kwanza inafanya kazi ambayo katika ngano hufanywa na "hapo zamani za kale". Maneno hayo hayamwambii msikilizaji ni mwaka gani. Yanamkalisha tu, asikilize. "Gari limesimama" nayo haituambii limesimama wapi, tangu lini, wala dereva amekwenda kunywa chai na nani. Yote hayo yamepaliliwa kama magugu. Limebaki jambo moja: saa yetu inapoanza kuhesabu, kasi ya gari ni sifuri.

Sifuri hiyo haikuandikwa. Hesabu vipimo vilivyomo katika matini: viwili tu, 2 na 5. Lakini kanuni tunazotumia zinashughulika na vitu vitano: kasi ya awali (u), kasi ya mwisho (v), mchapuko (a), muda (t) na umbali (s). Ukivijua vitatu, viwili vilivyobaki vinapatikana. Kanuni zenyewe zimejengwa hivyo. Ile ya v = u + at haiutaji umbali. Ile ya s = ut + ½at² haiitaji kasi ya mwisho. Ile ya v² = u² + 2as haiutaji muda. Kila moja ina kimya chake, na fundi huchagua kanuni kwa kusikiliza kimya hicho: ni kitu gani ambacho swali halikukitoa wala halikukiuliza? Akikipata, anachukua kanuni isiyokitaja.

Kwa hiyo utanzu huu una arudhi yake. Swali sharti litoe vitatu. Likitoa viwili limepungukiwa mshororo, haliimbiki. Likitoa vinne, ama mtunzi alisinzia ama ametega mtego. Matini yetu, kwa macho ya haraka, imetoa viwili. Msomaji mwenye papara ataliona pengo na kuanza kutapatapa. Msomaji makini atakiona cha tatu kimekaa palepale mwanzoni, kimejifunika kitenzi.

Hapa ndipo swali linapofanana na kitendawili, na ndipo linapoachana nacho. Katika kitendawili mtegaji huficha jibu ndani ya taswira, na aliyeshindwa hutoa mji ili aambiwe. Katika swali la mwendo hakuna haja ya kutoa mji. Kilichofichwa ni kianzio, na kianzio hicho kimo ndani ya maneno uliyokwisha kusomewa. Anayekiona hana safari ndefu: v = 0 + 2 × 5, yaani 10 m/s; s = ½ × 2 × 5², yaani mita 25.

Matumizi ya lugha

Vitabu vyetu vikijaribu kulisema jambo hili kwa Kiswahili, mara nyingi husema "kutoka katika hali ya pumziko". Ni sentensi iliyobeba mzigo bila sababu. Kijana akisikia pumziko anawaza jasho, kivuli na maji ya kunywa. Gari halichoki. Kiswahili kina chombo kilicho chepesi na chenye makali zaidi, nacho ni kiambishi -me-. "Limesimama" inasema mambo mawili kwa mpigo mmoja: tendo la kusimama limekwisha, na hali yake ingali ipo. Ndiyo maana halisi ya u = 0. Silabi moja imefanya kazi ya maneno matano.

Na -me- si peke yake. Kiswahili kimejaa vitenzi vinavyobeba sifuri tumboni, na vingine vinavyofanana navyo ambavyo havina kitu. Basi liliondoka kituoni: sifuri ipo, kwa kuwa huwezi kuondoka mahali ambapo hukuwa umetua. Basi lilipita kituoni: sifuri hakuna, na ole wake aliyekuwa akilingoja. Jiwe liliachiwa kutoka juu ya mnara: kasi ya awali ni sifuri. Jiwe lilitupwa chini kutoka juu ya mnara: mkono umekwisha kulipa kasi kabla halijaanza safari, na swali lisipoitaja kasi hiyo halitatuliki. Embe lilidondoka: sifuri. Embe lilipopolewa: pana fimbo katika hadithi hii, na fimbo haitoi sifuri.

Mtoto wa Kiswahili anazijua tofauti hizi kabla hajaingia darasa la kwanza. Hawezi kuchanganya kudondoka na kupopolewa. Lakini nchini Tanzania mtoto huyo husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari anakutana na fizikia kwa Kiingereza. Vitenzi alivyovinyonya pamoja na maziwa vinawekwa kando, na badala yake anakaririshwa vifungu vya lugha nyingine ambavyo bado havina picha kichwani mwake. Anapoacha u bila thamani, tunaandika alama ya kosa kwa wino mwekundu chini ya hesabu. Kosa lilitokea juu zaidi, kwenye neno.

Neno la pili la kuchungua ni "mchapuko". Hili limepatikana vizuri. Anayeambiwa "chapua miguu" haelewi kwamba aende kwa kasi fulani. Anaelewa kwamba aende upesi kuliko anavyokwenda sasa. Mchapuko ndio huo hasa: nyongeza ya kasi, wala si kasi yenyewe. Gari letu linaongezewa 2 m/s kila sekunde inayopita. Kasi yake mwishoni mwa kila sekunde ni 2, 4, 6, 8, kisha 10.

Na neno "sare"? Sisi tunalijua kwa nguo za shule na harusi, na kwa mpira usiokuwa na mshindi. Kote huko lina maana ya usawa, na hapa pia kila sekunde inapata fungu sawa na mwenzake. Lakini fungu hilo ni la nyongeza, na hapo ndipo wasomaji wengi wanapoteleza. Wanasikia "sare" na kuliambatanisha na kasi, kana kwamba gari lilikwenda 10 m/s tangu mwanzo. Wanazidisha 10 kwa 5 na kuandika mita 50. Wamepata mara mbili ya jibu sahihi, na kosa lenyewe lina adabu yake: limekosea kwa nusu kamili.

Nusu hiyo ndiyo roho ya swali. Gari lina kasi ya 10 m/s katika nukta ya mwisho tu. Kabla ya hapo lilikuwa na kasi ndogo, na ndogo zaidi, hadi sifuri. Kwa kuwa nyongeza ilikuwa sare, wastani wa safari nzima ni katikati ya 0 na 10, yaani 5 m/s. Zidisha kwa sekunde 5, unapata mita 25. Wasomi wa chuo cha Merton huko Oxford waliijua kanuni hii ya wastani katika karne ya 14, na karne hiyohiyo Nicole Oresme wa Ufaransa akaichora: muda umelala chini, kasi imesimama wima, na umbo linalopatikana ni pembetatu. Eneo la pembetatu ni nusu ya mstatili wake. Ile ½ iliyomo ndani ya kanuni, ambayo wanafunzi huimeza kama kidonge, ni pembetatu iliyokunjwa ikatoshea katika herufi. Na pembetatu hiyo ina ncha kwa sababu safari ilianzia kwenye sifuri. Ingeanza na kasi yoyote, ncha ingekatwa, tungekuwa na trapeza.

Wahusika waliotoweka

Tukiuliza wahusika ni nani, swali la leo linatupa gari lisilo na dereva. Hata gari lenyewe halina urefu, halina magurudumu, halina abiria. Ni nukta iliyopewa jina la gari ili tusione haya kuizungumzia. Haikuwa hivyo tangu zamani. Utanzu huu ulipopata umbo lake kuu ulikuwa umejaa watu.

Mwaka 1638, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, kilichapishwa kitabu cha Galileo Galilei kiitwacho kwa kifupi Discorsi. Mwandishi mwenyewe alikuwa Italia chini ya kifungo cha nyumbani, baada ya hukumu aliyopewa Roma mwaka 1633. Kitabu ni mazungumzo ya siku nne baina ya watu watatu: Salviati anayejua, Sagredo mwenye akili ya kuuliza, na Simplicio anayeshikilia mafundisho ya kale. Siku ya tatu wanafika kwenye mwendo unaochapuka kwa usawa kuanzia utulivu. Galileo anaufafanua kuwa mwendo ambao, ukianzia utulivuni, huongeza viwango sawa vya kasi katika vipindi sawa vya muda. Matini yetu ya gari ni mjukuu wa sentensi hiyo.

Mhakiki wa Kiswahili hawezi kuipita lugha ya kitabu hicho bila kusimama. Hoja rasmi za mwendo zimeandikwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi. Salviati anazisoma, kisha watatu hao wanabishana kwa Kiitaliano, lugha ya nyumbani na sokoni. Mwalimu wa fizikia wa Dodoma au Mtwara anayesoma swali kwa Kiingereza kisha akageuka na kusema "haya, tulielewe kwa Kiswahili" hajavunja desturi ya sayansi. Amekaa katika kiti cha Salviati.

Mabishano yenyewe ni ya thamani kubwa kwa uhakiki wetu, kwa sababu yanahusu maneno mawili yaleyale: kuanzia utulivuni. Sagredo anatia shaka. Kama jiwe linaanza na sifuri na kupanda kasi hatua kwa hatua, basi lazima lipite katika kila kiwango cha upolepole, hata kile cha kobe na kilicho chini ya kobe. Mbona macho yetu huona jiwe likianguka kwa kishindo mara moja? Salviati anamjibu kwa mfano wa kitu kizito kinachoangushwa juu ya kigingi. Kikitoka juu sana, kigingi kinazama. Kikitoka chini kidogo, kinazama kidogo. Kikiinuliwa kwa unene wa jani tu, kigingi hakitikisiki. Mwanzoni mwa anguko, basi, kasi ni ndogo hata haina kishindo. Macho yetu hayakuwahi kuiona kwa sababu haikai.

Kisha Sagredo anapendekeza jambo linaloonekana sawa: kwa nini tusiseme kasi inaongezeka kulingana na umbali, badala ya muda? Salviati anakiri kwamba hata mwandishi wao aliwahi kuamini hivyo. Ni kweli, katika barua aliyomwandikia Paolo Sarpi mwaka 1604, Galileo alishika njia hiyo potofu. Ubaya wake unaonekana ukilisoma vizuri neno la utulivu. Kama kasi inategemea umbali uliokwisha kwenda, basi kitu ambacho hakijaenda popote kina kasi ya sifuri. Kwa kuwa kasi ni sifuri, hakitaenda popote. Kitasimama hapohapo milele. Kasi inayofuata muda inaokoka mtego huu, kwa kuwa muda hupita hata kwa aliyesimama.

Kitabu cha shule kimeondoa haya yote. Kimemfukuza Simplicio na maswali yake, kimemnyamazisha Sagredo, kimebakiza hukumu ya Salviati. Faida yake ni ufupi. Hasara yake ni kwamba mwanafunzi anayejiuliza lile alilojiuliza Sagredo anajiona mjinga peke yake, kumbe ana kampani nzuri.

Mizani na vina

Galileo hakuweza kupima anguko la moja kwa moja. Lilikuwa la haraka mno kwa vifaa vyake. Akaupunguza mwendo kwa mteremko. Anaeleza ubao wa urefu wa dhiraa kama 12, uliochongwa mfereji mnyoofu, ukalainishwa na kutandikwa karatasi ya ngozi, na gololi ya shaba ngumu ikiteremka ndani yake. Saa yake ilikuwa maji: chombo kikubwa kilichotundikwa juu, kimrija chembamba chini yake, na maji yaliyotoka wakati gololi ikishuka yakapimwa kwa mizani. Anasema alirudia mara mia kamili, na kila mara umbali ulifuata mraba wa muda.

Neno "mizani" limenifurahisha hapo, kwa kuwa mwendo huu una mizani kama shairi. Rudi kwenye gari letu na uhesabu umbali wa kila sekunde pekee. Sekunde ya kwanza limekwenda mita 1. Ya pili, mita 3. Ya tatu, 5. Ya nne, 7. Ya tano, 9. Jumlisha: 1, 4, 9, 16, 25. Namba witiri zikipangwa zinazaa miraba, na jibu la kipengele (b) lilikuwa likiimbwa muda wote chini ya kanuni. Galileo aliionyesha sheria hii ya witiri, na inashika kwa kila mchapuko sare unaoanzia utulivuni. Ukibadilisha 2 m/s² kwa namba nyingine, mita zitabadilika, lakini uwiano wa 1 kwa 3 kwa 5 kwa 7 hautatikisika.

Sasa vunja sharti moja tu. Lipe gari kasi ya awali ya 3 m/s, mchapuko uache uleule. Sekunde zake sasa zinatoa mita 4, 6, 8, 10. Nyongeza ya mita 2 ingalipo, lakini uwiano wa 1 kwa 3 kwa 5 umepotea. Kwa hiyo "limesimama" haikuwekwa mwanzoni ili kurahisisha hesabu tu, kama walimu wengine wanavyosema. Ndiyo inayotia vina. Ukiiondoa, mashairi yanageuka nathari.

Ukitaka kuusikia utenzi huo ukisomwa kutoka mwisho, mfungishe dereva breki. Gari linalokwenda 10 m/s likipunguza kasi kwa 2 m/s kila sekunde hadi kusimama, litakwenda mita 9, 7, 5, 3, 1. Umbali ni uleule, 25. Kuanza na kusimama ni beti mbili zinazotazamana kwenye kioo, na mwanafunzi aliyeiona sifuri ya mwanzo katika "liliondoka" ataiona pia sifuri ya mwisho katika "likasimama".

Mbinu rejeshi

Watunzi wazuri wa utanzu huu wanajua kucheza na mpangilio wa masimulizi. Chukua mnara wa mita 45 na g, yaani mchapuko wa anguko, ya 10 m/s². Simulizi ya moja kwa moja inasema: jiwe liliachiwa kutoka juu ya mnara wa mita 45, lilichukua muda gani kufika chini? Mita 45 ni sawa na 5t². Kwa hiyo t² ni 9. Muda ni sekunde 3. Swali limekwisha, na aliyeliona "liliachiwa" hakutoka jasho.

Sasa mnara uleule unasimuliwa kwa mbinu rejeshi: jiwe liliachiwa kutoka juu ya mnara, katika sekunde yake ya mwisho lilianguka mita 25, mnara una urefu gani? Hadithi ni moja, lakini tumeingizwa mlango wa nyuma. Tunaliona jiwe likikaribia ardhi na hatujui limetoka wapi. Taharuki imepatikana bila kuongeza tukio hata moja. Mwenye kanuni pekee ataandika urefu wote, atoe urefu wa kabla ya sekunde ya mwisho, asawazishe na 25, na atafika kwenye sekunde 3 kwa njia halali. Mwenye sikio la vina atafika kabla yake: kwa g ya 10, sekunde za anguko hutoa mita 5, 15, 25. Ishirini na tano ni kina cha tatu. Sekunde ni 3, na 5 + 15 + 25 ni 45.

Swali la pili ni bora kuliko la kwanza, na ubora huo ni wa fani. Maudhui hayakuongezeka hata chembe. Mtunzi amehamisha tu mahali pa kusimama msimulizi, na kwa kufanya hivyo amemlazimisha msomaji aujue mwendo wote.

Mandhari na uhalisia

Udhaifu wa utanzu huu uko kwenye mandhari. Watunzi wengi huyatumia kama pazia: gari, treni na mwanariadha wanabadilishana majukwaa bila namba kuwajua. Swali linalompa mkimbiaji mchapuko sare wa 3 m/s² kwa sekunde 20 litamfikisha 60 m/s, ambayo ni kilomita 216 kwa saa. Mwanafunzi atapata alama zote, na atakuwa amejifunza kutoamini kwamba fizikia inahusu watu.

Hebu tumpime mkimbiaji wa kweli. Tarehe 18 Septemba 2021, katika uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Hakuna mwanzo wa utulivu mkali kuliko wa mbio hizo: mwanariadha anayeitikia mlio wa bunduki chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde huhesabiwa kuwa ameanza mapema. Hapo u = 0 inalindwa na sheria. Tukidhani kwamba mchapuko wake ulikuwa sare tangu mwanzo hadi utepe, a ni 2s gawanya kwa t², karibu 2.1 m/s², na kasi ya mwisho ni karibu 20.5 m/s. Hiyo ni zaidi ya kilomita 73 kwa saa. Usain Bolt alipoweka rekodi ya dunia ya sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, kasi yake ya juu kabisa haikuvuka kilomita 45 kwa saa.

Hesabu iko sawa. Neno lililodanganya ni "sare". Mkimbiaji huchapuka sana hatua za mwanzo, kisha mchapuko unapungua hadi kuisha kabla ya mwisho wa mbio. Swali hili, likiulizwa kwa ukamilifu wake, ni zuri ajabu: fanya hesabu, kisha tuambie jibu linatufundisha nini juu ya dhana tuliyoanza nayo. Likiulizwa nusu, kwa kumtaka mwanafunzi atoe kasi na kunyamaza, ni uongo uliopigiwa mhuri.

Vivyo hivyo ile kauli ndogo inayojificha mwishoni, "puuza ukinzani wa hewa". Ndiyo inayoruhusu unyoya na nyundo vianguke sawa. Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliviachia vyote viwili kwa pamoja juu ya mwezi, navyo vikatua pamoja. Kule kauli hiyo haina kazi. Hapa kwetu ni mkataba kati ya mtunzi na msomaji, na mkataba usiosomwa kwa sauti si wa haki.

Kufaulu na kutofaulu

Kwa upande wa fani, utanzu huu umefaulu. Una ufupi ambao washairi wangeuonea wivu, una arudhi isiyovumilia ziada wala upungufu, una vina vilivyozaliwa na sharti moja la mwanzo, na unaruhusu ufundi wa usimulizi bila kuongeza hata tukio. Umefeli pale unapokopa mandhari bila kuyaheshimu, na pale ulipowafukuza Sagredo na Simplicio darasani. Kwetu umefeli zaidi kwa sababu tunaupokea katika lugha ambayo vitenzi vyake bado havijamwingia msomaji, kisha tunamlaumu kwa hesabu.

Mwalimu anayesoma haya anaweza kuanza kesho bila kitabu kipya. Kabla ya kanuni yoyote, wanafunzi wapigie mstari kitenzi cha kwanza na waandike pembeni kinabeba kasi gani ya awali. Kisha watunge maswali yao wenyewe kwa Kiswahili, moja lenye embe lililodondoka na moja lenye embe lililopopolewa, na wabishane ni lipi linalotatulika na lipi linahitaji namba moja zaidi. Atakayejua kwa nini ameshajua fizikia ya sura hiyo. Kilichobaki ni kuzidisha.